Kunyanyua kebini ya pikapu: cheni bloku au jeki nne?

Kwa pikapu yenye kebini juu ya chesisi (uti wa chuma wa chini ya gari), mfano Hilux, cheni bloku (kinyanyuzi cha mnyororo) ya tani 1 ndiyo ya haraka: unanyanyua, unasukuma chesisi nje. Ila inataka fremu ya chuma ya kuitundika. Mbao za paa la jengo usizijaribu. Mikanda ikipita chini ya sakafu bila bomba la kuitanua juu, hubana paa la kebini na kulikunja.

Jeki nne na magogo ni nafuu kwa mfuko, lakini polepole: sentimita 5 kila kona, weka stendi, hamia nyingine. Ukikimbiza kona moja, kebini hujipinda na kioo cha mbele kinaweza kupasuka.

Kwa njia zote mbili, chomoa betri kwanza, tia alama ya rangi kwenye shafti ya stelingi, na funga usukani. Usukani ukizunguka ovyo, waya wa eabegi hukatika. Kinachosahaulika zaidi ni waya wa ethi (waya wa umeme wa bodi) kati ya injini na kebini. Huo ndio unaofanya kebini "igome" kupanda.

Wakati wa kurudisha, jeki hushinda: kebini inayoning'inia huyumba, matundu ya bolti hayakutani. Anza bolti zote kwa mkono, kaza baadaye.