Muscadet Sèvre et Maine: Nilivyouonja na Vyakula Vilivyoufaa

Mvinyo ninaouzungumzia ni Muscadet Sèvre et Maine wenye maneno «sur lie» (yaani «juu ya mashapo») kwenye lebo, unaotengenezwa kusini-mashariki mwa jiji la Nantes, magharibi mwa Ufaransa, mahali ambapo mto Loire unakaribia kuingia Bahari ya Atlantiki. Niliununua hukohuko Nantes kwa bei isiyofika euro 10, na tangu hapo nimekuwa nikiurudia, kwa kuwa sijapata mvinyo mweupe mwingine wa bei hiyo unaopatana hivi na vyakula vya baharini.

Ukishaumimina utaona rangi yake ni hafifu mno, umanjano wa kubahatisha tu, na vijipovu vichache vimeganda kwenye ukuta wa glasi. Vijipovu hivyo si dalili ya kuharibika. Zabibu za aina ya Melon de Bourgogne zikishachachuka, mvinyo huachwa majira yote ya baridi juu ya mashapo ya hamira, mara nyingi katika matangi yaliyojengwa chini ya sakafu ya ghala, kisha hutiwa kwenye chupa moja kwa moja kutoka hapo. Kanuni hairuhusu kazi hiyo kufanyika kabla ya tarehe 1 Machi ya mwaka unaofuata mavuno. Gesi kidogo inayosalia ndiyo inayouchangamsha ulimi, na mashapo ndiyo yanayoupa mvinyo uzito ambao zabibu hizo peke yake hazina. Puani nilipata tufaha bichi, ganda la ndimu na harufu ya mbali ya unga uliokandwa. Mdomoni ni mkavu kabisa, una uchachu mkali, na mwishoni huacha ladha inayoelekea kwenye chumvi.

Niliujaribu kwanza na chaza wabichi wa ghuba ya Bourgneuf, iliyo kusini-magharibi mwa Nantes, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wenyeji hawautenganishi na sahani hiyo. Maji ya chumvi yaliyomo kwenye gamba hupunguza makali ya uchachu, nao mvinyo husafisha kinywa kiasi kwamba chaza anayefuata anaonja kama wa kwanza. Ila nashauri mchuzi wa siki na vitunguu unaoletwa pembeni usiguswe, kwa sababu siki huufanya mvinyo uonekane maji matupu. Kome waliopikwa kwa mvinyo uleule, vitunguu na siagi nao walikwenda vizuri, ingawa hawakunishangaza.

Mkahawa mmoja uliniletea chupa iliyotoka katikati ya barafu, ikiwa baridi kiasi cha kutosikika harufu yoyote. Nyuzi 10 hivi za Selsiasi zinatosha. Chini ya hapo unalipia baridi tu.

Nyumbani niliuweka mezani pamoja na chakula cha kwetu pwani. Changu aliyechomwa kwa chumvi, kitunguu saumu na ndimu aliufaa sana, pengine kuliko hata kome, kwani ule moshi wa makaa ulipata kitu cha kuukata. Pweza wa nazi aliushinda kabisa: tui lilikuwa zito na tamu, na mvinyo ukabaki uchachu mtupu usio na mahali pa kukaa. Pilipili nayo huongeza ukali pande zote mbili, kwa hiyo anayependa pilipili ya kuwasha, au anayetafuta mvinyo wenye utamu, asipoteze fedha zake hapa.

Yupo ndugu mkubwa wa mvinyo huu anayestahili kutajwa. Tangu mwaka 2011 vijiji vya Clisson, Gorges na Le Pallet vinaruhusiwa kuandika majina yao kwenye lebo, na mvinyo wao hukaa juu ya mashapo kwa muda mrefu zaidi. Ule wa Clisson, unaotoka kwenye ardhi ya mwamba wa itale, una rangi iliyokolea, harufu ya matunda yaliyoiva na unene ambao hungeutarajia kutoka eneo hili. Vijipovu vimetoweka, na bei imepanda. Huo sikuupeleka kwa chaza. Niliunywa na samaki wa mchuzi wa siagi unaopikwa sana Nantes, na ulisimama imara mbele ya mafuta yale yote, jambo ambalo chupa ya bei nafuu isingeliweza.