Mwalimu wa takwimu Kirumba: lete kompyuta yenye chaji

Mimi ni tabibu, nasomea shahada, na utafiti wangu ni kichocho kwa watoto wa shule za mwambao. Mchambuzi wa kwanza niliyempa data alinirudishia majedwali matupu, bila neno la maelezo. Laki na nusu ikaenda na maji ya ziwa.

Huyu wa Kirumba, ghorofani juu ya duka la nyavu, hakufanyii kazi, anakufundisha. Swali lake la kwanza: "Dada, umeshachora grafu?" Sikuwa nimechora. Tukachora: watoto wengi hawana yai hata moja la kichocho kwenye sampuli au wana machache, wachache wana mamia. Wastani wa kawaida unavutwa na hao wachache, kama kupima sangara mmoja pamoja na kapu la dagaa halafu useme samaki wa wastani ana kilo fulani. Tukatumia logi (logariti, inayozibana namba kubwa zisivute wastani), tukiongeza moja kwanza kwa sababu ya zile sifuri, maana sifuri haina logi.

Kilichonifungua macho zaidi ni kwamba watoto wa shule moja hufanana, kwa hiyo watoto wangu mia mbili si mia mbili kamili: wanatoa taarifa pungufu kuliko watoto mia mbili wasiohusiana. Akanikumbusha jaribio la hapa hapa Mwanza la miaka ya 1990, la kuona kama tiba ya magonjwa ya zinaa inapunguza maambukizi ya VVU: jamii 12, jozi 6, na bahati nasibu ya nani aanze kupata tiba ilichezeshwa kwa jamii nzima, si kwa mtu mmoja mmoja.

Programu ya takwimu tunayotumia ni R, ya bure. Elfu sitini kwa siku. Umeme ulikatika mara mbili, jenereta hakuna, na kile kiti cha plastiki, jamani, mgongo bado unauma. Jumamosi narudi.