Nike Zoom Freak 1: raba ya kijana aliyewahi kuchangia viatu na kaka yake

Raba nyingi zenye majina ya wachezaji maarufu zingeweza kuuzwa bila majina hayo na zisipungukiwe na kitu, lakini Nike Zoom Freak 1, iliyoingia sokoni mwaka 2019 kwa dola 120, haieleweki vizuri bila kumfahamu mchezaji wa mpira wa kikapu Giannis Antetokounmpo. Alizaliwa Athens mwaka 1994 na wazazi waliohamia Ugiriki kutoka Nigeria, akakulia mtaa wa Sepolia, ambako yeye na ndugu zake walitembeza saa na miwani barabarani ili nyumbani kipatikane chakula. Alipokuwa akichezea klabu ya Filathlitikos, yeye na kaka yake Thanasis walikuwa na jozi moja ya raba, na aliyetoka uwanjani alimvulia anayeingia.

Igeuze kwanza uitazame soli. Mistari ya mpira imechora ua waridi, na majina ya wazazi wake, Charles na Veronica, yamo humo humo. Baba yake alifariki Septemba 2017, hakumwona mwanawe akitawazwa Mchezaji Bora wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 2019 na tena 2020, na kwenye kiatu kuna maneno ya Kiingereza yanayomtangaza Giannis kuwa ndiye urithi wa baba yake. Mapambo ya aina hii kwa kawaida hayanigusi, haya yamenigusa. Atakayecheza nayo kwenye viwanja vyetu vya saruji ajue kwamba saruji hula soli ya kila raba, kwa hiyo akiwa na nafasi ya kucheza kwenye sakafu ya mbao, aitunzie huko.

Kiufundi, uzito wa ubunifu umewekwa kisiginoni, ambako mito miwili ya hewa imepangwa mmoja juu ya mwingine, huku sehemu ya mbele ikibaki na sponji peke yake. Mpangilio huo unafuata mwendo wa mwenyewe: mtu wa zaidi ya mita mbili anayekwenda kikapuni kwa hatua ndefu, akikita kisigino na kubadili upande katikati ya mabeki. Alipofunga pointi 50 dhidi ya Phoenix Suns mwaka 2021, katika mchezo wa sita wa fainali ulioipa timu yake ya Milwaukee Bucks ubingwa wa kwanza tangu 1971, pointi 17 zilitokana na mitupo huru, kwa sababu mtu anayeingia ndani namna ile ni vigumu kumzuia bila kumchezea faulo.

Kwa hiyo naipendekeza kwa moyo wote kwa mchezaji mwenye mwili, anayependa kushambulia kikapu na kugombea ribaundi, yaani mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu, kwani kila anapotua kisigino humpokea kwa ulaini na kumrudisha juu upesi. Mchezaji mwepesi anayeishi kwa kurusha kutoka mbali na kukimbia kwa vidole atafute kiatu chenye mto mbele.