Msimbazi: mfereji wa zege au bonde lililoachiwa mto?

Ili kuzuia mafuriko ya mto Msimbazi, wakazi wengi wa Dar es Salaam huchagua mfereji wa zege, na nawaelewa. Unaonekana, unajengwa mtaani kwako, na mvua ya kwanza ikinyesha unajua kama fedha imefanya kazi. Bei yake pia inasemeka kwa urahisi.

Bonde, yaani kumwachia mto nafasi ya kutanuka, ni habari nyingine. Mradi wa Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 200 mwaka 2022, unahusu kupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, sehemu ya chini ya bonde hilo, na kuhamisha watu. Hapo ndipo ubishi unapowaka: fidia ya nyumba inalipwa, lakini nani anamfidia mama ntilie aliyehamia mbali kwa wateja aliowapoteza?

Hata hivyo, mimi naegemea bonde. Mfereji huharakisha maji tu. Kama Jangwani hakuna nafasi, yanarudi kwenye nyumba za watu. Tena mfereji hujaa mchanga na chupa za plastiki, na gharama ya kuuzibua kila mwaka huwa haitajwi kwenye mikutano ya mtaa. Na hatari tunaijua: mafuriko ya Desemba 2011 jijini yaliua watu zaidi ya 40.