Redio ipi ununue kwa gari la kizamani: naanza na ninayoipenda namaliza na ile ya kuikimbia

Kabla hujatoa hela yoyote nenda kwanza kwenye gari ukiwa na testa. Najua unataka kuruka hapa uende moja kwa moja kwenye orodha ila usiruke, maana redio nilizoziona zimeungua kwenye magari ya zamani karibu zote zilikuwa nzima kabisa, shida ni mwenye gari hakujua gari lake linatumia umeme gani.

Unaangalia vitu viwili, volti na ethi, yaani upande wa betri uliofungwa kwenye bodi la gari. Magari mengi ya Marekani yalikuwa volti 6 mpaka katikati ya miaka ya 1950 ndo yakahamia 12, Volkswagen Beetle nayo ikachelewa zaidi mpaka miaka ya 1960 imeenda sana. Ethi ndo inaua watu sasa. Magari ya Uingereza ya zamani mengi yanafunga chanya ya betri kwenye bodi badala ya hasi, mfano MGB ilikuwa hivyo mpaka 1967 walipoibadilisha. Na usiamini kitabu cha gari peke yake, mtu aliyekuwa nalo kabla yako anaweza akawa amegeuza bila kuandika popote. Angalia kebo nene ya betri inayoenda kwenye bodi imetoka upande gani, alafu pima.

Kwa nini nasisitiza hivi: kasha la redio ya kisasa lenyewe ni hasi. Ukilifunga kwenye bodi ambayo ni chanya umepiga shoti. Kuna wanaosema nitazungushia mpira kasha lisiguse chuma, sawa, lakini antena je? Ule wavu wa nje wa kebo ya antena upande mmoja umeshika kasha la redio na upande mwingine umeshika bodi, kwa hiyo shoti inapita hukohuko kwenye antena na mpira wako haujasaidia kitu. Gari la chanya lina njia mbili tu, uligeuze lote liwe hasi (dainamo inachangamshwa upya, waya za koili ya plagi zinageuzwa, na chochote chenye alteneta au transista kisiguswe kabla fundi hajakiangalia) au ununue kigeuzi cha umeme ambacho pande zake mbili hazijaungana kabisa ndani. Gari la volti 6 nalo ni kigeuzi cha kupandisha mpaka 12.

Alafu pima tundu la dashibodi. Redio za zamani zilikaa kwenye vishikio viwili vya nobu, kushoto na kulia, na kidirisha katikati. Pima kutoka katikati ya nobu moja mpaka katikati ya nyingine, na pima kina nyuma yake, kina ndo watu wanasahau wanakuja kugundua bomba la hita liko hapohapo.

Haya orodha.

1. Redio mpya yenye sura ya zamani

Kwa mtu mwenye gari analoendesha na tundu liko wazi, hii ndo chaguo langu na sioni inayoikaribia. Kampuni kama RetroSound wanatengeneza redio ambazo nobu zake zinasogezwa kufuata tundu lako, huchongi chuma chochote, unapata Bluetooth na USB, na siku ukiuza gari unaitoa unarudisha ya kwake. Kama gari lako ni la miaka ya 1980 lenye tundu la mstatili la milimita 180 kwa 50 basi usiangalie za nobu mbili, tafuta kama Blaupunkt Bremen SQR 46 DAB au zile za Continental zisizo na mataa mengi, zinakaa kwenye dashi kama zilizaliwa humo. Angalia na DAB (redio ya kidijitali) kama unaishi panapotumika, Norwe walizima FM ya stesheni za kitaifa 2017, na shirika la utangazaji la Uswisi likazima yake mwisho wa 2024, kwa hiyo redio ya FM tupu kuna sehemu inabaki pambo.

Sasa hapa kwenye spika naomba unisikilize vizuri kwa sababu nimelipia somo hili. Gari la zamani mara nyingi lina spika moja, waya mmoja unatoka kwenye redio na upande wa pili wa spika umefungwa tu kwenye bodi. Mimi nilikuta hivyo nikaona safi, nikaunga waya mmoja wa redio mpya kwenye ule waya uliopo nikaacha ule wenye mstari mweusi unaning'inia, nyingine nikazifunga kwenye bodi, redio ikaimba kidogo alafu ikanyamaza moja kwa moja. Redio za kisasa zinasukuma spika kwa waya zote mbili, hakuna hata mmoja ambao ni ethi, ukigusisha wowote kwenye bodi unaiua amplifaya ya ndani. Vuta waya mpya mbili mpaka kwenye kila spika. Kama dashi ina nafasi ya spika moja tu tafuta ile yenye koili mbili ndani, kushoto na kulia zinaingia pamoja bila kuunganishwa.

2. Amplifaya ndogo ya Bluetooth iliyofichwa

Hii ni ya mtu ambaye redio ya kiwandani bado ipo kwenye dashi na hataki iguswe, na namuunga mkono. Kaboksi kadogo unakabana chini ya siti au nyuma ya boksi la dashi, umeme wa swichi, ethi, waya za spika, basi, muziki unatoka kwenye simu na redio ya zamani inabaki inakaa tu pale inapendeza. Hakuna kilichokatwa. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu, kila ukitaka kupunguza sauti lazima ushike simu na unaendesha, labda ununue yenye kinobu cha waya ukifiche chini ya dashi.

3. Ya kiwandani iliyotengenezwa ikarudi kuimba

Moyo wangu uko hapa lakini akili imeiweka ya tatu. Redio za kabla ya katikati ya miaka ya 1950 ni za valvu (vile vitaa vya kioo vilivyofanya kazi kabla ya transista), ndani kuna kidude kinachotetemeka ili kupandisha volti za betri ziwe nyingi za kulisha valvu, ukiwasha unasikia kinavuma alafu unasubiri zipate moto ndo sauti ije. Baadaye zikaja za mchanganyiko wa valvu na transista, na ile ya transista tupu ilianza 1955, Philco waliitengenezea Chrysler. Ukinunua iliyotumika chukua ya transista, ni rahisi kutengeneza na haikaushi betri.

Ukiipata usikimbilie kuiunga. Kapasita zake zilishakauka siku nyingi, fundi azibadilishe kwanza. Na usiiwashe kamwe bila spika, hata sekunde za kujaribu tu, transista ya mwisho au transfoma ya sauti inaweza kwenda. Spika nayo iwe na omu zake (kipimo cha ukinzani wa umeme), kuna redio za General Motors za zamani zilitaka omu 10, ukiiwekea spika ya leo ya omu 4 unaibebesha mzigo isiouweza.

Nyingi zinashika AM tu. Kabla hujalipa chukua redio yoyote ndogo yenye AM, kaa nayo hapo unapoishi usiku na mchana usikie kuna nini, nchi nyingi zimeshafunga masafa ya kati, ndo hiyohiyo AM. Kama kipo cha kusikiliza, basi karibu na tundu la antena kuna skrubu ndogo, weka stesheni dhaifu karibu na kilohetsi 1400 uizungushe taratibu mpaka sauti iwe kubwa kuliko zote. Skrubu hiyo inabadilisha redio kabisa na wengi hawajui ipo.

4. Sura ya zamani, matumbo mapya

Fundi anaacha uso na nobu, anatoa vya ndani anaweka bodi mpya yenye FM na Bluetooth. Inapendeza sana, ila usimpe ile iliyozaliwa na gari lako, mnunulie nyingine iliyokufa ya aina hiyohiyo, ya kwako ifunge vizuri uihifadhi.

5. Kirusha FM cha kuchomeka kwenye kiwashia sigara

Cha muda. Sauti inaingiliwa na stesheni nyingine, na gari la volti 6 hakiwaki.

6. Kukata dashibodi uweke redio ya kawaida

Hapana. Chuma kilichokatwa hakirudi.

Sasa ukishachagua, kelele. Sauti inayopanda na kushuka na mwendo wa injini imetoka kwenye dainamo au alteneta, ile ya tak tak tak imetoka kwenye plagi. Weka plagi au waya za plagi zenye rezista, kapasita weka kwenye koili upande unaopokea umeme wa swichi, siyo upande wa platini gari litasumbua kuwaka. Kisha kwangua rangi pale shina la antena linapobana bodi mpaka uone chuma kinang'aa, nusu ya kelele nilizowahi kuhangaika nazo ziliishia hapo.

Fyuzi iwe karibu na pale umeme unapochukuliwa, siyo mwishoni karibu na redio. Na waya wa njano wa kumbukumbu, ule unaokula umeme hata gari likiwa limezimwa, kama gari linalala wiki nyingi bila kuwashwa, uunge pamoja na mwekundu kwenye swichi, utapoteza stesheni ulizohifadhi lakini asubuhi betri utaikuta.