Jiko la udongo na bati, Soko Kuu Tabora: tazama kikombe, si rangi

Claudia Sheinbaum, aliyeongoza Mexico City kuanzia 2018 hadi 2023 na kabla yake alikuwa katibu wa mazingira wa jiji hilo, alianza na jiko: tasnifu yake ya shahada ya kwanza ya fizikia ilihusu majiko ya kuni ya vijijini Michoacán. Swali la majiko halibadiliki: joto linafika kwenye sufuria, au linapasha hewa?

Jiko la bati tupu hupeleka kwenye sufuria takribani asilimia 10 hadi 20 ya joto la mkaa. Lenye kikombe cha udongo ndani ya bati hufika 25 hadi 30, maana udongo huzuia joto lisitoroke ubavuni. Kwa hiyo unanunua kikombe. Bati ni nguo tu, na rangi ya bluu haipiki maharage.

Lishike ulitikise. Kikombe kikicheza, saruji haikujaa kati yake na bati, na hapo ndipo kitakapopasukia. Inama uchungulie matundu ya chekeche: mengine huuzwa yakiwa yamezibwa na udongo. Mlango wa hewa ufunge sawasawa, la sivyo moto hautapungua na sado ya mkaa itaisha kabla ya wakati. Vijino vya kukalia sufuria vikiwa virefu mno, joto hutorokea pembeni. Vikiwa vifupi mno, hewa hukwama na moto hufifia. Kitako kiwe kipana. Ugali wa watu wanane husongwa kwa nguvu, na jiko la kitako chembamba huyumba mwiko unapozama.

Majiko mengi hufa siku ya kwanza. Udongo bado una unyevu. Ukiwasha moto mkali, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kikombe hupasuka. Anza na konzi moja ya mkaa, uache ukolee taratibu. Baadaye usijaze mkaa hadi sufuria iguse makaa, na usizime kwa maji kamwe: funga mlango, fukia makaa kwa majivu.

Moshi wa jiko la mkaa ni mdogo, jambo linalowadanganya wengi. Kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, hivyo jiko lenye makaa halilali chumbani, hata usiku wa baridi wa Julai.

Kikombe kikivunjika, bati bado zima. Muulize muuzaji kama anauza kikombe kitupu. Hana? Basi ashushe bei.