Tathmini ya Huduma ya Picha za Sentinel-2

Huduma ya picha za Sentinel-2, setilaiti zinazopiga picha za uso wa dunia, inayotolewa bure na mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya, inastahili sifa kubwa, hasa kwa kazi isiyoonekana inayofanyika kabla picha haijamfikia mtumiaji.

Setilaiti hizi huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 786, zikipiga picha za ukanda wenye upana wa kilomita 290. Kwa kuwa muda mwingi haziko juu ya kituo chochote cha ardhini, data hubanwa na kuhifadhiwa kwanza katika kumbukumbu ya ndani yenye uwezo wa terabiti 2.4, kisha hushushwa kwa mawimbi ya redio, kwa kasi ya megabiti 520 kwa sekunde, zinapopita juu ya kituo kama kile cha Svalbard, visiwa vya Norwe, ambacho kwa kuwa karibu na ncha ya kaskazini huweza kuzipokea takriban katika kila mzunguko. Nafasi hiyo hudumu dakika chache tu. Kinachonivutia zaidi ni njia ya pili, yaani mwali wa leza unaorushwa kwa setilaiti ya mawasiliano iliyo juu zaidi, kwenye kimo cha kilomita 36,000 hivi, nayo ikaifikisha data ardhini.

Mawingu huficha ardhi, na ukali wa mita 10, yaani kila nukta ya picha ni eneo la mita 10 kwa 10, hautoshi kutambua vitu vidogo. Hata hivyo, kwa anayefuatilia misitu, mafuriko au mashamba makubwa, naipendekeza huduma hii bila kusita.